Matundu ya Hewa ya Mama Stanley

Mume wangu Eliufoo ni fundi wa nyumba ambazo waliozijenga hawakai. Hapa Old Moshi kila kijana aliyepata kazi Dar anajenga kihambani, kwenye shamba la ukoo kwa wazazi wake, ukumbi mkubwa, madirisha ya vioo, halafu anakuja Krismasi siku kumi. Miezi mingine yote anayepanda juu ya bati ni mzee wangu wa miaka sitini na mbili, mwenye magoti mabovu. Nyumba kumi na moja, jamani! Mifereji iliyojaa majani, misumari iliyolegea, nyaya zilizotafunwa na panya. Nikimwambia apumzike ananijibu kwamba mvua haipumziki. Nimechoka mimi kwa niaba yake.

Nyumba iliyomchosha kuliko zote ni ya Stanley. Mwaka tisini na tano Stanley alibomoa jiko la zamani la mama yake, Mektrida, lile la kuni ambamo mama wa watu alilala akiota moto na ng'ombe wake pembeni. Aliona aibu mbele ya wageni wake. Akamhamishia chumba cha saruji, na matundu ya hewa juu ya dirisha akayaziba ili popo wasiingie. Eliufoo alimwambia wazi kwamba huku mlimani mtu akizidiwa na baridi huingiza mkaa ndani, na mkaa kwenye chumba kisichopumua unaua kimyakimya. Stanley alicheka, akasema nyumba ya kisasa haipikiwi chumbani. Nani alisema mama anataka kupika?

Julai iliyofuata ukungu ulishuka ukakaa wiki nzima. Asubuhi moja Eliufoo alikwenda kule kuzibua mifereji. Akagonga mlango, kimya. Ng'ombe alikuwa analia hajakamuliwa. Alivunja kioo akaingia, akamkuta Mektrida sakafuni karibu na mlango, jiko la mkaa bado lina moto. Alimburuta mpaka barazani. Mama wa watu alitapika, kichwa kikamuuma siku tatu, lakini alipona. Mimi ndiye niliyemnywesha uji, na nilikuwa nalia kwa hasira, sifichi. Alituomba tusimwandikie Stanley. Siku hiyohiyo mzee wangu alichukua patasi na nyundo akazibua matundu yote, ruhusa hakuomba.

Desemba Stanley akaja na mkewe. Sisi tulikuwa pale, Eliufoo juu ya ngazi, mimi nimeishikilia. Shikamoo yenyewe aliitoa huku anatazama ukuta. Akasema aliyeuharibu auzibe kabla wageni wa Krismasi hawajafika.

"Sizibi," mzee wangu alisema, na sauti yake ilikuwa imechoka kabisa. "Humo ndani nilimtoa mama yako nikimburuta, moshi wa mkaa umeshamlaza. Ukitaka, ziba mwenyewe."

Stanley akamgeukia mama yake. Akamwuliza kwa nini hakumwambia, hata kwa barua.

Mektrida alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua macho.

"Ningesema nasikia baridi, mwanangu, ungeona nyumba yako siitaki."

Stanley alikaa chini pale barazani, na suruali yake nzuri, akalia mbele ya mkewe. Hatukumbembeleza. Eliufoo alimalizia mfereji, akashuka, tukabeba ngazi kwenda nyumba ya jirani, kwa sababu nako kuna mama anayelala peke yake na matundu yamezibwa.