Mwanandani Hakuwemo Katika Bei

Jumanne asubuhi, kabla sijamaliza chai, jirani alinigongea dirishani kuniambia kwamba mchimba makaburi wetu wa hapa Temeke amefariki. Nasema wetu, ingawa hakuna aliyewahi kumwajiri. Kazi yake ilikuwa ufundi wa mitambo katika kiwanda cha nguo, mpaka kiwanda kilipopata mnunuzi na yeye akapunguzwa pamoja na wenzake. Makaburi alichimba kwa sababu mtaani kumetokea msiba na yeye ana jembe, basi. Malipo hakutaka. Ukimpa soda, aliuliza kwanza kama wenzake nao wamepata.

Nilimfahamu hasa siku alipomchimbia mama yangu. Mie nina ugonjwa wa kuhesabu kila kitu mara mbili, na siku ile, kwa kukosa pa kuweka macho, nilihesabu mbao zilizolazwa kando ya kaburi. Zilikuwa nane, fupi fupi. Nikamwambia hizi hazitoshi kufunika shimo lote hili. Akacheka, akiwa humo ndani, jasho linamtoka. “Si za shimo, shehe wangu. Za mwanandani.” Akanionyesha: chini kabisa, kwenye ukuta wa upande wa kibla, alikuwa amechonga nafasi ndefu ya kumtosha mtu aliyelala kwa ubavu. “Neno lenyewe linajieleza. Mwana, ndani. Kaburi ni mama, huyu ni mwana aliye tumboni. Udongo tutammwagia mama. Mwana udongo haumgusi.” Nikamuuliza nani kamfundisha hayo. “Aliyenishikisha jembe. Na usinitume nikamuulize, nilimzika mwenyewe.”

Wataalamu wa lugha huenda wana maelezo mengine, na mie sibishani nao. Lakini siku ile nilirudi nyumbani nikijua kwamba mama yangu hakumwagiwa mchanga usoni, na usiku nikalala.

Sasa ilikuwa zamu yake. Nikapita nyumba hadi nyumba kutafuta watu wa kwenda kuchimba. Mmoja alisema angekuja, lakini genge angemwachia nani? Mwingine alikuwa na mzigo wa mitumba haujafunguliwa. “Mie nitachangia, kaka, andika jina langu,” akaniambia, na kweli alichanga. Kila mtu alichanga. Siku hizi kila kitu ruksa, na kila mtu ana biashara. Mchango tulipata mwingi, mikono hatukupata. Siwalaumu sana, mie mwenyewe sikushika jembe. Msiba ukanipa kazi ninayoijua: kwenda kwa wachimbaji wa kulipwa, wale wanaokaa kwenye lango la makaburi, nikapatane nao bei.

Nikapatana. Mkubwa wao, mtu wa makamo, naye aliyepunguzwa kazi, alitaja bei, nikacheka. Akataja nyingine, nikageuka kama naondoka. Ya tatu nikaikubali, nikarudi msibani kifua mbele, watu wakanisifu.

Baada ya adhuhuri tulipolitua jeneza, nikachungulia kaburini. Nikazitazama kuta zote, nikazirudia. Zilikuwa zimenyooka kama za tangi la maji.

“Mwanandani yuko wapi?” nikamuuliza yule mkubwa wa wachimbaji.

“Bosi, bei ya kwanza ilikuwa na kila kitu,” alisema bila ubaya wowote. “Ukasema nipunguze. Ukasema tena nipunguze. Nikapunguza.”

Nikavua viatu, nikachukua jembe, nikashuka. Nilipiga mara tatu ukuta wa kibla, na mchanga ukaporomoka hadi magotini mwangu. Shehe aliyeongoza maziko akaniinamia. “Toka, ndugu yangu. Hata hivi inafaa, kuna ruhusa. Tusimcheleweshe.” Wakanivuta mkono. Marehemu akalazwa chini ya ukuta, mbao zikaegemezwa juu yake, na jembe la kwanza la mchanga lilipoanguka nikausikia ukipenya katikati ya mbao.

Siku ya tatu mjane, aliye edani, aliniita nikakae nje ya pazia. “Shemeji, mwanandani mlimchonga vizuri? Maana mwenyewe alikuwa hapendi kazi ya haraka.” Nikamjibu kwamba tulimchonga vizuri. Akanishukuru, akaniombea dua.

Wanatuambia soko limefunguliwa, na sasa mtu anapata anachokilipia. Ni kweli. Ila viko vitu vingi tulivyokuwa tukipewa bila kuviomba, na watu waliotupa hatukuwauliza hata majina ya vitu hivyo. Wakiondoka, itatubidi tuvitaje kimoja kimoja kabla ya kupatana. Asiyejua kukitaja hatakipata. Na mie nilijua kukitaja, msomaji wangu. Nilisahau tu, kwa sababu nilikuwa nashinda.