Jicho Jeupe Lisilo Zima

Ile siku naikumbuka vizuri, mwanangu, maana nilikwenda kliniki kubishana, si kutibiwa. Nilikuwa kijana wa bodaboda, napakia abiria kati ya Bwera na Kasese, huku magharibi mwa Uganda, miaka ile ya elfu mbili na kumi na kitu. Jicho langu la kulia liliwasha likawa jekundu. Nikanunua matone dukani, na siku chache tu wekundu ukaisha. Nikajiona mjanja! Kumbe mwanga bado ulinichoma, na barabara nilianza kuiona kama kupitia moshi. Sikumwambia mtu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi kifo changu kilikuwa kinanisubiri barabarani, na abiria wangu nyuma.

Mama yangu, aliponiona nafinya jicho juani, ndiye aliyenisukuma mpaka kwa muuguzi wa macho pale Bwera, Mama Masika, mzaliwa wa Butembo ng'ambo ya mpaka, Kongo, mzee wa maneno machache. Nikamwambia nimeshapona, anitazame upesi niende zangu. Akamulika tochi. Jicho likameta lote, hakuona kitu, nami nikacheka. Yeye hakucheka. Alifunga pazia, akatoa kijikaratasi chenye rangi ya chungwa, akakilowesha, akakigusisha ndani ya kope ya chini, rangi ikaenea jichoni. Hapo nikajifanya mjuzi, nikamwambia aongeze rangi ili ionekane vizuri.

"Rangi ikikuwa mingi, jicho yote itawaka," alisema. "Kidonda itajificha mule ndani."

Kisha akaiosha ile rangi. Maji safi, polepole, mpaka ikatiririka shavuni, nami nikadhani anamwaga dawa bure. Sikujua, mwanangu, kwamba rangi ile haikai mahali pazima. Hushika pale tu ngozi ya jicho imechubuka. Akawasha taa ndogo ya buluu, akapiga picha kwa simu yangu, akanionyesha nitazame kwa jicho la pili. Mungu wangu! Kote giza, na katikati kijitawi cha kijani kinawaka, na matagaa yake, kama tawi la kahawa. Hakunichana, hakunidunga hata sindano, na kidonda kikajitaja chenyewe katika jicho lililo hai. Sijaona ufundi mzuri kuliko ule, na hata leo nikiusimulia mwili unanisisimka.

Akaniuliza natumia dawa gani. Nikatoa kichupa mfukoni mwa jaketi. Kikulacho ki nguoni mwako: matone yale yalikuwa yanaondoa wekundu huku yakikinenepesha kidonda.

"Jicho yako iko nyeupe, lakini haiko muzima," akasema. "Ungeendelea, ingetoboka."

Nililia mbele yake, na ndevu zangu zote. Dereva wa jicho moja, nani atapanda pikipiki yake?

Alinipa mafuta ya kupaka jichoni, akanikataza pikipiki, na kila niliporudi alirudia kazi ile ile bila kuchoka: rangi kidogo, maji, pazia, taa ya buluu. Kijitawi kikafifia hadi kikatoweka. Siku ya mwisho aliniziba jicho la kushoto kwa kiganja, akaniuliza yule mama anayepita nje ya dirisha amebeba nini. Nikamwambia ndizi za matoke kichwani na mtoto mgongoni, na mtoto mwenyewe amelala.

"Basi," alisema, "enda kazi."

Mwanangu, maumivu kutulia si kupona. Kitu kikikusumbua ndani, kiseme mapema, hata kama watu wanakusifu kwa afya. Na ukimpata mtu anayekuonyesha ukweli usioupenda, kaa chini umwache amalize, usimfundishe kazi yake kama nilivyofanya mimi. Mimi nilitaka rangi nyingi na jibu la haraka. Subira ya Mama Masika ndiyo iliyonirudishia barabara. Nyamuhanga, Muumba wetu, akulinde, akupe macho ya kuona, na akupe moyo wa kukubali kuonyeshwa.