Shoka la Mkwezi wa Kilibula

Kama ulitaka kumuudhi Pontien Tambwe, hukuhitaji kumtukana. Ilitosha kugusa shoka lake. Wazee waliomfundisha kukwea michikichi walikuwa na mwiko wao: shoka la mkwezi hushikwa na mwenyewe tu, na mtu mwingine akilishika asubuhi, siku hiyo hakuna kupanda. Mikungu ya ngazi, yaani matunda ya mchikichi, itaiva huko huko juu mpaka kesho. Pontien alikuwa Mkatoliki wa misa kila Jumapili, na padri aliwahi kumcheka kwa ajili ya jambo hilo. Naye alicheka pamoja na padri, akarudi nyumbani Kilibula, mwiko ukabaki pale pale.

Mke wake, Marie-Jeanne, aliujua mwiko huo kuliko padri. Mvua ikinyesha usiku, mashina yakawa yanateleza, asubuhi utamkuta anafagia. Anafagia, anafagia, mpaka ufagio unafika penye shoka lililoegemezwa ukutani. Basi analiinua na kuliweka kando, uso mtulivu kabisa, kama mtoto aliyemaliza sukari.

"Mama Bella! Ile shoka!"

"Yoo, Baba Bella! Nimesahau. Kichwa yangu haiko sawa."

Pontien atanung'unika mpaka chai ipoe. Alijua vizuri kwamba mkewe hakusahau kitu, na mkewe alijua kwamba anajua. Wakaishi hivyo miaka yote ya kumlea Bella, binti yao, mpaka alipoolewa Lubarika. Wako wanandoa wanaoambiana maneno matamu mchana kutwa. Hawa walikuwa na ufagio, na ukiniuliza mimi, ufagio ulisema zaidi.

Halafu Pontien akaanguka. Hakutoka juu sana, namshukuru Mungu. Alikuwa karibu kufika chini kitanzi cha kukwelea kilipokatika, akaangukia mkono wa kulia. Mfupa uliunga, lakini vidole havikurudi na nguvu zake. Kikombe kilimponyoka. Na siku alipojaribu kupasua kuni kwa shoka lake la zamani, zito, lenye mpini mrefu, nalo likamponyoka, likaanguka hatua moja tu kutoka mguu wake.

Marie-Jeanne alidhani ndiyo mwisho wa kukwea. Alifurahi, kisha akaona aibu kwamba amefurahi.

"Shoka ndiyo iko muzito," Pontien akasema. "Minye mwenyewe natafuta kadogo."

Wakaenda Kasenga kwa Tariki, mfanyabiashara wa vyombo vya kazi, mmoja wa wale Waislamu ambao koo zao zimeuza vitu hapa kwetu kando ya ziwa tangu enzi za misafara. Tariki aliwawekea mbele mashoka mapya yenye rangi nyekundu na mipini ya plastiki, akayasifu kama baba anayeozesha mabinti. Pontien akaligonga moja kwa ukucha, akasikiliza.

"Hii inalia kama sahani, mzee Tariki. Leta ya batu ya kazi."

Tariki akacheka, akainama nyuma ya meza, akatoka na kishoka cheusi kisicho na urembo wowote. Fundi chuma alikuwa amekifua kutoka kwenye resori, ile springi ya lori, na kichwa chake hakikuzidi upana wa kiganja. Pontien alifumba jicho moja akautazama ukali wake, akakigonga, akasikiliza tena. Kisha akakiinua kwa mkono wa kulia na kukishikilia mbele yake. Kishoka kikaanza kushuka chenyewe. Marie-Jeanne akageukia ndoo zilizopangwa mlangoni, akazikagua moja moja, ingawa nyumbani hawakuhitaji ndoo.

"Iko sawa," Pontien akasema. "Ni kadogo, lakini kana moyo."

Njia nzima ya kurudi Marie-Jeanne alimkasirikia Tariki kwa kuwa na kitu hicho dukani.

Kuanzia hapo Pontien hakupumzika. Kila jioni alikaa uani na kishoka chake. Alikisaga mashavu kwenye jiwe mpaka yakawa membamba, kisinase kwenye shina la mkungu. Akafupisha mpini. Akaufunga kwa ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli ili usiteleze. Akatoboa tundu mwishoni, akapitisha kamba ya kuvaa mkononi, ili vidole vikiachia, kishoka kibaki kinaning'inia. Kisha akaufupisha mpini tena.

"Leo imekubali," alikuwa akisema kila mara.

Marie-Jeanne hakuona kitu kinachokubali. Aliona mwanamume anayepunguza shoka lifuate mkono unaopungua. Asubuhi alifagia na kukigusa hata siku za jua kali, mpaka mwenyewe akaona amezidi. Mwisho akauacha ufagio, akasema kwa mdomo, jambo ambalo hawakulizoea.

"Weye ukianguka tena, minye nitabaki na nani?"

Pontien alipuliza vumbi la mti kwenye mpini.

Siku ikafika. Mchikichi ulio nyuma ya nyumba ulikuwa na mikungu myekundu inayodondosha ngazi chini. Pontien akazungusha kitanzi kipya kwenye shina, akavaa kamba ya kishoka, akaanza kupanda. Safari hii Marie-Jeanne hakuwa amegusa kitu. Alisimama na kuuma ncha ya kikwembe alichojifunga kiunoni. Mumewe alipanda mpaka urefu wa paa, akasimama hapo, paji la uso likiegemea shina. Kisha akashuka, polepole, akasema jua ni kali, akaingia ndani.

Siku zilizofuata alirudi kwenye kishoka. Akabandua ule mpira. Akauchonga mpini upya, mwembamba zaidi, kwa kisu kidogo, huku akimtazama mkewe akifanya kazi. Marie-Jeanne alikuwa akipasua mikungu iliyokatwa na majirani, akitumia panga lililomchosha bega, ili apate kuchambua ngazi za kuchemsha. Aliona anavyotazamwa, akadhani mumewe anatafuta namna ya kumwambia kwamba atajaribu kupanda tena.

Asubuhi moja Pontien akamwita, kishoka mkononi.

"Mama Bella, kuya. Shika."

Marie-Jeanne akaficha mikono nyuma. "Minye? Asubuhi hii?"

"Shika tu."

Akashika. Alikuwa mtu wa mkono wa kushoto, na tangu azaliwe kila kifaa kilimlazimu yeye akizoee. Hiki kilikuwa kimemzoea tayari. Kidole gumba chake kilichopinda kilikuta kibonde kimechongwa upande wa kushoto, mahali pake hasa, na mpini ukajaa kiganjani bila kumbana. Alikielewa kishoka kabla ya kumwelewa mumewe. Ukishaambiwa shika, leo hakuna kupanda. Na mpini ukishachongwa kufuata mkono wako, hakuna kupanda kesho, wala keshokutwa.

"Nzeyimana, huyu jirani, atatupandia," Pontien akasema. "Nimesemezana naye jana. Yeye anakata, sisi tunakamua, tunagawana mafuta. Weye utapasua na hii. Ile panga inakuua bega."

Hicho ndicho Marie-Jeanne alichokuwa amekiomba kwa ufagio miaka yote hiyo, na sasa amekishika mkononi, alitakiwa ashangilie. Badala yake alilia. Alimhurumia huyu mtu wake, aliyekuwa akiijua Kilibula yote kutoka juu.

Pontien aliinua macho kuelekea kilele cha mchikichi, akayashusha.

"Sasa minye nitakuwa nani, Mama Bella?"

Marie-Jeanne alijifuta machozi kwa kikwembe. Akauvuta mkungu karibu, akasogeza kigoda kimoja mpaka kikakutana na chake.

"Miaka yote nilikuwa naona nyayo zako tu," akasema. "Ikala hapa, nione uso yako."

Pontien akaketi.