Reli ya Mezani na Genge Lake la Udongo

Jua halijapanda sawasawa, na Yordani Mhina amepiga magoti chini ya meza, anagonga kabari ya mti kwa ubavu wa nyundo. Meza yenyewe ni ndefu kuliko vyumba vya kulala vya watu wengi wa Korogwe. Juu yake pametandazwa reli, daraja, stesheni yenye paa la bati, mashamba ya mkonge na milima ya Usambara iliyofinyangwa kwa udongo na makapi ya mkonge. Mabehewa yamepangwa tayari. Kinachokosekana ni kichwa cha kuyavuta.

"Mwenye kichwa asipokuja, tutavuta kwa uzi," anasema Yordani huku akijipangusa magoti. Hana hasira. Anainama, anafumba jicho moja na kuitazama njia ya reli kuanzia stesheni hadi darajani, kisha anarudi chini ya meza kuongeza kabari nyingine.

Uwanja wa maonyesho ya kilimo unaanza kujaa. Wakulima wa Kerenge wanateremsha magunia ya mahindi na machungwa, watu wa milimani wanapanga viazi na kabichi. Karibu na banda la kuku, chini ya turubai la kuazima, ndipo kilipo Chama cha Reli Ndogo cha Korogwe. Yordani ndiye mwenyekiti wake.

Ni mtu wa makamo, mzaliwa wa Dindira. Aliteremka bondeni akiwa kijana kutafuta kazi ya mkonge, akajifunza useremala hukohuko shambani. Hadi leo ni seremala wa shamba. Hutengeneza matoroli, milango, vitanda vya kambini, na mtu anapofariki, jeneza. Mshahara wake huishia kwenye chakula na karo ya watoto. Reli ndogo huijenga kwa vitu vilivyotupwa.

"Mimi sikuanzisha chama," anaeleza. "Nilitengeneza behewa moja la mbao, basi. Habakuki akaliona, akanicheka, akasema magurudumu yangu ni ya mkokoteni. Nikamwambia tengeneza wewe. Akatengeneza. Tangu siku hiyo hatujapumzika."

Habakuki ni fundi bati wa sokoni na rafiki yake wa miaka mingi. Ndiye aliyegundua kuwa mikanda ya chuma inayofunga marobota ya mkonge, ikikatwa na kunyooshwa, inakuwa reli nzuri. Ndiye pia aliyeunda kichwa cha treni kwa bati la madebe, akakitia springi ya santuri iliyoharibika. Ukikaza ufunguo, kichwa kinatoka stesheni kikitetemeka na kuvuta mabehewa yote hadi mwisho wa meza.

Mwaka jana, kwenye uwanja huuhuu, treni ilipofika darajani ilianguka pamoja na daraja. Watu walicheka hadi wengine wakaketi chini. Yordani anasema alicheka nao, lakini alipofika nyumbani hakuweza kula.

Kwa hiyo mwaka mzima wanachama wamekuwa wakikutana katika ghala la zamani la mahindi, mtaa wa Manundu. Wengine hufika baada ya sala ya Ijumaa, wengine Jumapili wakitoka kanisani. Daraja limejengwa upya, na meza imeongezwa miguu ili isiyumbe.

Mwanamke pekee kati yao ni Bi Zamda, msusi wa mikeka. Aliingia ghalani siku moja kuleta mkeka aliouza, akasimama mbele ya meza akiwa ameshika kiuno.

"Niliwauliza, huu mlima mmeupaka rangi ya nini? Ya nyanya?" anakumbuka. "Nikasema nipisheni."

Tangu hapo milima ni yake, miti ni yake, na vijiji vyote ni vyake.

Wiki chache kabla ya maonyesho ya mwaka huu, Bi Zamda alifika na kikapu kilichofunikwa kipande cha kanga. Ndani yake mlikuwa na watu wa udongo uliochomwa, wadogo kama kidole, wameshika sururu, mitalimbo na makoleo. Mmoja alikuwa na bendera nyekundu. Aliwapanga mmojammoja kandokando ya reli, karibu na daraja.

Lilikuwa genge la reli, kundi la vibarua wanaotengeneza njia. Wote mle ghalani walielewa mara moja, kwa kuwa marehemu mumewe, Kudra, alikuwa mtu wa genge. Masika moja ya miaka ya nyuma, maji ya kijito yalianza kula tuta la daraja dogo kwenye njia ya Mombo. Genge likapelekwa kujaza mawe. Tuta likamomonyoka na Kudra akaenda nalo. Reli ilipotengenezwa, treni zikaendelea kupita, na abiria waliochungulia dirishani hawakuona chochote ila maji na majani.

Habakuki ndiye aliyesema kwanza. Yordani anayakumbuka maneno yao.

"Mama Mwantumu," Habakuki alimwambia, akimwita kwa jina la binti yake, "watu wanakuja na watoto wao kufurahi. Usituletee msiba mezani."

"Sijaleta msiba. Nimeleta genge."

"Kila mtu hapa anajua umemleta nani."

"Na nisipomleta mimi, ataletwa na nani?" Bi Zamda akajibu. "Kila mwaka mnaonyesha treni inapita, treni inapita. Kwani reli ilijilaza yenyewe?"

Habakuki akatamka kwamba genge likibaki, yeye haleti kichwa chake. Wote wakamgeukia mwenyekiti. Yordani akasema apewe muda wa kufikiri. Hapo Habakuki akakiinua kichwa cha treni, akakizungushia aproni yake ya kazi na kutoka.

"Hakupiga kelele," anasema Yordani. "Angepiga kelele ningejua la kufanya."

Siku zile hazikuwa rahisi kwake. Bila kichwa, kazi ya mwaka mzima ingekuwa meza ya kutazamwa tu, na wale waliocheka wangepata la kuongeza. Bila Bi Zamda, asingeweza kuitazama meza hiyo kwa amani. Kudra alikuwa rafiki yake, na jeneza lake alilitengeneza yeye.

Hatimaye alikwenda nyumbani kwa Bi Zamda akiwa na shauri: genge lihamishwe, liwekwe nyuma ya stesheni, mahali ambapo halitaonekana sana. Alimkuta anachemsha ukindu kwenye sufuria ya rangi.

"Nikamuuliza kwanza, shemeji, kati ya hawa Kudra ni yupi? Maana niliwatazama sikumtambua. Akaniambia, 'Mimi namjua.' Kisha akaendelea kukoroga rangi yake. Basi lile shauri sikulitoa. Nikaaga."

Genge likabaki darajani.

Kabla ya ugomvi huo, chama kilikuwa kimewaahidi wazee wa Kwedizinga, upande wa Handeni, kwamba kitapeleka meza huko watu waione. Handeni haina reli, na ahadi ilikuwa ahadi. Wakapanda lori la shamba lililokuwa likienda kuchukua vibarua, meza imefungwa kamba, Bi Zamda mbele na kikapu mapajani.

Huko walivuta mabehewa kwa uzi mweusi. Watoto waliuona uzi mara moja wakaupigia kelele. Yordani anakiri kuwa alitamani ardhi ipasuke.

Lakini watu wazima hawakuufuata uzi. Walikuwa wamesongamana upande wa daraja. Vijiji vya Uzigua vimetoa vibarua wengi wa mkonge na wa reli, na wengi wa waliosimama pale walikuwa wamewahi kushika sururu. Mzee mmoja, Mzee Sadala, alivua kofia yake, akainama hadi pua ikakaribia kugusa reli.

"Huyu ameshika mtalimbo vibaya," akasema. "Mkono wa kushoto unatakiwa uwe chini. Hivi ataumia mgongo."

"Ameshachomwa, mzee wangu," Bi Zamda akamjibu. "Nitafinyanga mwingine."

"Mfinyangie na mnyapara. Genge gani halina mnyapara? Nani atawatukana hawa?"

Watu wakacheka. Kisha, bila kuombwa, wazee wakaanza kutaja majina. Huyu alikuwa na sisi kule Mkomazi. Yule alirudi na homa, hakupona. Mwingine aliondoka na genge na mpaka leo mama yake anamngoja. Yordani aliacha kuvuta uzi. Mabehewa yalisimama katikati ya meza na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Aliporudi Korogwe alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha Habakuki sokoni.

"Sikwenda kumwomba kichwa," anasisitiza. "Nilikwenda kumweleza ya Kwedizinga, kwa sababu mambo kama hayo nimezoea kumweleza yeye."

Habakuki alikuwa anaziba tundu la ndoo. Alisikiliza huku akigonga. Maneno yalipokwisha akaweka nyundo chini.

"Mimi ndiye niliyemtoa Kudra majini," akasema.

Yordani alijua kuwa rafiki yake alikuwa miongoni mwa waliokwenda kutafuta. Hilo la pili hakuwahi kulisikia. Habakuki alimweleza kwamba aliushika mguu, akavuta, na kwamba hadi leo hapiti kwenye lile daraja hata kwa miguu. Kulitazama genge lile la udongo kila siku ya mazoezi kungemshinda.

"Sasa ungesema," Yordani akamwambia.

"Ningesema mbele ya mkewe?"

Waliketi pale hadi wauza samaki walipofunga. Hakuna aliyeahidi kitu. Ndiyo maana asubuhi hii ya maonyesho Yordani hajui kama atavuta kwa uzi au la.

Anagonga kabari ya mwisho. Anapoinuka, Habakuki amesimama mbele ya meza, baiskeli imeegemea nguzo ya turubai, aproni iliyoviringishwa iko kwapani.

"Habari za asubuhi."

"Nzuri. Umeamkaje?"

"Salama."

Habakuki anafungua aproni, anakiweka kichwa relini, kisha anatoa mfukoni kipande chembamba, kirefu cha bati na gundi. Anakwenda upande wa daraja. Bi Zamda, aliyekuwa anapanga miti, anasogea kumpisha. Habakuki anakibandika kile kipande katikati ya reli, kuanzia kidogo kabla ya genge, anakipuliza, kisha anarudi stesheni na kukaza ufunguo.

Treni inatoka stesheni. Inapita mashamba ya mkonge, inazunguka mlima. Inapokaribia daraja, ngozi ambayo Habakuki ameibandika chini ya kichwa inasugua lile bati, na treni inapunguza mwendo. Inapita mbele ya genge polepole, behewa baada ya behewa. Ikishavuka, inashika kasi yake tena.

Bi Zamda amejishika mdomo kwa upande wa kanga. Kisha anasema:

"Sasa dereva amewaona."

Habakuki anajifanya anatafuta kitu kwenye baiskeli. Baadaye, alipoulizwa na mwandishi wa gazeti hili, alijibu kwa kifupi: "Dereva wa kweli akiona genge hupunguza mwendo. Nilikuwa sijalitia hilo."

Siku nzima turubai halikuwa na nafasi. Daraja halikuanguka. Bwana Shauri, ofisa wa wilaya, alipita na wageni wake, akauliza springi imetoka wapi, akaelekea kwenye ng'ombe. Zawadi ya kazi za mikono ilikwenda kwa kiti cha kuchonga, nacho kwa kweli kilikuwa kizuri. Wanachama walinung'unika kidogo. Yordani alikwenda kumpa mkono mchongaji.

Alasiri kilifika kikundi cha wanaume waliovaa nguo za kazi za reli. Walitazama treni ikipita mara kadhaa. Mmoja wao, treni ilipopunguza mwendo, aliinua mkono kuisalimia, kama wafanyavyo njiani. Kisha akaona kwamba watu wanamwangalia, akaushusha. Habakuki akamwita aje akaze ufunguo yeye mwenyewe.

Urafiki wa Habakuki na Bi Zamda bado haujarudi ulivyokuwa. Wanaongea mambo ya kazi tu: gundi, rangi, nani abebe nini. Yordani hawaharakishi. "Wako meza moja," anasema. "Mengine watayaweza wenyewe."

Yeye sasa ana mawazo mengine. Mama yake, Bi Agripina, yuko Dindira na miguu haimruhusu tena kuteremka mlima. Maisha yake yote ameiona treni kutoka juu tu, moshi mweupe unaotambaa bondeni. Mtoto wake alipoondoka kutafuta kazi, aliutazama moshi huo akidhani yumo ndani, kumbe Yordani alikuwa anakwenda kwa miguu.

Yordani anataka kuikata meza vipande vinne, avitie bawaba, vibebwe hadi mlimani vichwani mwa watu kabla ya mvua za vuli. Habakuki amesema haiwezekani, kisha amekwenda kutafuta bawaba. Bi Zamda ametamka kwamba genge lake halibebwi na mtu mwingine, na kwamba mnyapara atakuwa tayari.

"Nitaiweka uani kwake, karibu na jiko," Yordani anasema. "Ataketi kwenye kigoda. Mara ya kwanza nitakaza ufunguo mimi. Mara ya pili nitampa ufunguo akaze yeye, treni iondoke wakati anaotaka yeye."