Mafuta Yaliyotoka Juu

Mama Vifungo alikuwa fundi cherehani mpaka macho yalipomgomea. Wateja waliondoka, jina likabaki. Mumewe alishatangulia mbele ya haki, na binti yake wa pekee, aliyeolewa mbali, alikuwa akipiga simu kila Jumapili, akauliza hali na kujijibu mwenyewe: haya mama, nimefurahi uko mzima. Geti lilikuwa limeota kutu kwa kukosa wa kulifungua.

Kisha kituo cha mafuta cha jirani kikafungwa. Matangi yaliyofukiwa chini yaling'olewa, ikaonekana moja limetoboka siku nyingi, na mtu akatumwa kupima udongo ili ijulikane petroli imevuja mpaka wapi. Ndipo Mama Vifungo alipobishiwa hodi.

Mpima udongo alikuwa mwanamume wa makamo, mpole, aliyevua viatu vyake vizito mlangoni bila kuambiwa. Kazi yake haikuwa na mafumbo. Anatoboa ardhi kwa keekee ndefu, anajaza udongo kwenye chupa, anaupeleka maabara. Ukiwa mchafu, anasogea mbele na kupigilia kigingi kingine. Ukiwa safi, kazi imekwisha. Hivyo ndivyo alivyoingia uani, kigingi baada ya kigingi, na kila alipokuja alikunywa chai, akapiga soga, akaitania redio ya mwenyeji wake iliyofungwa kwa utepe wa kupimia nguo. Mama Vifungo akaanza kuvaa gauni lake la kutokea siku za kupima. Usimcheke, hata wewe ungevaa.

Majirani waliomba uchafu uishe. Yeye peke yake aliomba uendelee, ijapokuwa ulikuwa unaelekea chini ya chumba chake cha kulala. Alijionea aibu, lakini aliomba.

Siku moja mpima alipigilia kigingi karibu na kamba ya nguo, akasema kwa furaha kwamba majibu ya shimo lililopita yalikuwa na dalili tu, na hapa bila shaka patakuwa safi. Kesho wangemwacha mama wa watu apumzike. Mama Vifungo alitabasamu mpaka geti lilipofungwa, kisha akakaa kizingitini na kulia. Amekwisha kupumzika vya kutosha, huyo. Kupumzika ndiko kulikokuwa kunamuua.

Alasiri ile alipiga moyo konde. Alichukua dumu la mafuta ya taa, akayamwaga yote kwenye kigingi, akafukia kwa kisigino huku akiangaza huku na huku kama mtoto aliyevunja kikombe.

Asubuhi mpima akazungusha keekee. Udongo wa juu ulitoka ukinuka. Akakunja uso, akaendelea kuteremka, na wa chini ukatoka mkavu, hauna harufu yoyote. Akapangusa mikono, halafu akauliza kama chai ipo. Mama Vifungo alijibu, kabla hajafikiri, kwamba jiko limeishiwa mafuta. Wakatazamana.

"Mama," akasema taratibu, "mafuta ya matangi huja kutoka chini. Haya yametoka juu."

Angeweza kumsingizia paka au mpita njia. Hakuwa na nguvu hizo.

"Nilitaka uendelee kuja."

"Si ungeniambia tu?"

"Mtu mzima anaombaje kutembelewa, mwanangu?"

Mpima aliinama. Alizoa udongo ulioharibika akautia kwenye mfuko wake wa kazi, akatoboa tena pembeni, na safari hii ukatoka safi toka juu mpaka chini. Akajaza chupa yake, akaifunga, kisha akavuta kigoda akakaa, ingawa chai haikuwepo. Alisema kesho anapelekwa mji mwingine kwenye kituo kingine, na akipita huku atabisha hodi. Alisema kwa moyo mweupe kabisa, na hilo ndilo lililomuuma Mama Vifungo, kwa sababu njia ya kwenda huko haipiti hapa.

Nje, dereva wa gari la kazi lililomleta akapiga honi. Mpima akaitika kwamba anakuja, lakini hakuinuka. Honi ya pili ikalia. Mama Vifungo akaanza kumsimulia habari za utoto wa binti yake, haraka haraka, bila kuvuta pumzi, maana alijua ya tatu itamwinua.