Mjalidi wa Kibaha aliyekana saini alizozithibitisha mwenyewe

Saa mbili asubuhi, jua linaingia kwenye kibanda cha Faudhia Mwinyijuma kupitia dirisha la mashariki, likilala juu ya meza. Kwake hiyo ndiyo saa bora ya siku. Mwanga wa namna hiyo, anasema, hauwezi kudanganywa.

Mbele yake amesimama mteja aliyetoka Mlandizi, mwanamume wa makamo, ameshika mfuko wa nailoni kwa mikono miwili. Ndani ya mfuko kuna kijarida cha katuni kilichochakaa, toleo la kumi na nne la “Fundi Tandu”, kisa cha fundi saa aliyekuwa akiwafichua wezi wa mtaani kwake. Juu ya jalada kuna saini ya mchoraji wake kwa wino mwekundu.

Faudhia haanzi na saini. Anakigeuza kijarida, anapitisha ncha ya kidole nyuma ya jalada, kisha anakiinua usawa wa jicho kukielekeza dirishani. Ndipo anapochukua kioo chake cha kukuzia.

“Hii haikusainiwa, baba,” anasema taratibu. “Imechorwa.”

“Mbona inafanana kabisa na ile ya kwako ukutani?”

“Ndiyo kasoro yake. Inafanana mno. Mtu akiandika jina lake hafikirii, kalamu inakimbia. Huyu alikuwa anasimamasimama. Ona hapa wino umevimba, na hapa, na hapa.”

Kisha anamwonyesha mkunjo uliopita katikati ya jalada. Kama saini ingeandikwa miaka ya themanini, kabla kijarida hakijakunjwa, wino ungepasuka pamoja na karatasi. Huu umetiririkia ndani ya mkunjo, maana yake mkunjo ulikuwepo kwanza.

Mteja anatikisa kichwa, analipa shilingi elfu tano na kuondoka na mfuko wake. Faudhia anarudi kwenye kazi inayomweka mjini: kujalidi vitabu.

Ana umri wa miaka 53, mkazi wa Mbwawa, mjini Kibaha. Kibanda chake kina kibao cha kubania vitabu, sindano, uzi uliopakwa nta na chungu cha gundi anayoipika mwenyewe. Anashona madaftari ya vyuo, misahafu iliyofunguka, vitabu vya nyimbo za kanisani na majalada ya ofisi. Kitabu kimoja ni kati ya shilingi elfu tatu na elfu sita kutegemea unene. Mwezi ukienda vizuri anapata kama laki tatu.

Kuhukumu saini ni kazi ya pembeni, na hakuisomea popote. Aliipatia Kisarawe, alipokuwa karani wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho kwa miaka kumi na mmoja. Kila msimu wakulima walipanga foleni kusaini malipo, na yeye ndiye aliyekuwa akilinganisha saini na zile za kwenye rejista.

“Unafika mahali unamjua mtu kwa mkono wake kabla hujamtazama usoni,” anasema. “Yupo anayeandika kwa hasira, yupo anayeogopa kalamu. Siku mtoto amekuja kusaini badala ya baba yake, nilikuwa najua.”

Mapenzi ya vijarida ni ya zamani zaidi. Baba yake alikuwa na duka dogo Kurui, na sukari ilifungwa kwa karatasi za magazeti yaliyonunuliwa kwa kilo kutoka mjini. Ndani ya mafurushi hayo mlikuwa na vijarida vya katuni. Faudhia aliviokoa kimoja kimoja, akivibadilisha na kurasa za madaftari yake mwenyewe ya shule ili baba asikose cha kufungia sukari.

“Nilichapwa kwa ajili ya Fundi Tandu,” anasema huku akicheka. “Mwalimu anataka daftari la hesabu, daftari limeondoka na sukari ya watu.”

Mwaka 1986, Faudhia akiwa na miaka kumi na minne, mchoraji wa vijarida hivyo, Leodegar Masumbuko, alifika shuleni kwao Kisarawe. Faudhia alisimama mbele yake na toleo la tisa. Mchoraji alisaini kwa mkono wa kushoto, watoto wakacheka, naye akacheka nao. Alipomaliza jina alipiga mstari chini yake.

Kijarida hicho ndicho kilichomo kwenye fremu ukutani. Leo ana vijarida 212, vya wachoraji mbalimbali, na 31 kati yake vina saini. Habari zake zilienea polepole miongoni mwa wakusanyaji wa Dar es Salaam na Morogoro, ambao humletea vyao awaambie kama saini ni za kweli.

Mwezi Machi mwaka jana, kituo kimoja cha utamaduni jijini Dar es Salaam kilimpigia simu. Kilikuwa kinaandaa maonyesho ya katuni za zamani na kilimwomba athibitishe nakala kumi na moja za “Fundi Tandu” zenye saini. Sita kati yake zilikuwa za Brighton, fundi wa lifti jijini ambaye alinunua vijarida vyake vingi baada ya Faudhia kuvipitisha.

Alivikagua kwa siku mbili. Wino na karatasi vilikuwa vya zama zile, mkono ulikwenda kasi bila kusita. Alipiga simu kusema zote ni halali, kisha akaandika barua na kuisaini.

Siku iliyofuata, akivipanga kwa mwaka wa kusainiwa, kama wenyewe walivyouandika kwenye bahasha, aliona jambo. Katika saini za zamani, mstari ulio chini ya jina ulianza kwa wino mzito upande wa kulia ukaishia wembamba kushoto, kama anavyovuta mstari mtu wa mkono wa kushoto. Katika zile za kuanzia mwaka 1990, uzito ulikuwa kushoto na wembamba kulia.

“Nilikuwa nimewahi kuuona mstari ule,” anasema, na hapa anaacha kushona. “Miaka nilikuwa nauona. Nilijipa majibu: labda kabadilisha kalamu, labda uzee, labda mkono unamuuma. Mtu ukipenda kitu unakitafutia sababu.”

Leodegar alikuwa amefariki miaka minane kabla ya hapo. Faudhia aliuliza huku na huko akaambiwa mjane wake, Asteria, bado anaishi Chole, wilayani Kisarawe, kwenye shamba la mikorosho walilohamia na mumewe mwishoni mwa miaka ya themanini. Wote wawili walikuwa wenyeji wa kanda ya ziwa. Alifunga kibanda siku ya Jumatano, akapanda magari mawili na bodaboda.

Alimkuta Asteria amekaa barazani akipepeta choroko.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu, vuta kigoda. Umetoka mbali?”

“Kibaha. Nimeleta kazi za marehemu mzee, naomba uniangalizie.”

Asteria, ambaye sasa ana miaka 72, aliweka ungo chini akafuta mikono kwenye khanga. Alivichukua vijarida akaanza kuvigawa mafungu mawili kwenye mkeka, haraka kama mtu anayetenga mbegu nzuri na mbovu.

“Hii yake. Hii yake. Hii yangu. Hii yangu.”

“Yako vipi, mama?”

“Nimeiandika mimi.”

Fungu la mumewe lilikuwa na vinne. Lake lilikuwa na saba.

Asteria aliagiza chai, kisha akamsimulia Faudhia. Leodegar alipata presha ya macho. Kufikia mwaka 1990 alikuwa haoni ila weupe wa mlango. Kazi ya kuchora iliisha, lakini wasomaji hawakujua. Waliendelea kutuma vijarida kwa posta, ndani yake bahasha yenye stempu, wakiomba saini. Binti yao, Stellamaris, alikuwa akimsomea baba yake barua hizo.

“Alijaribu kusaini mwenyewe, jina likawa linaangukia kwenye uso wa Fundi Tandu, jingine nje ya karatasi,” Asteria alimweleza. “Nikamwambia, warudishie hivyo hivyo. Akakasirika. Akasema, mtoto ameuza mayai anunue stempu, utamrudishiaje kitabu kitupu?”

Basi akamfundisha mkewe. Asteria hakuwahi kukaa darasani. Mumewe aliweka mkono wake juu ya wa mkewe, wakaandika jina lile nyuma ya kalenda za zamani, kila jioni kwa karibu miezi miwili, mpaka siku moja akauondoa mkono wake na jina likaendelea kwenda.

Hapo Faudhia alielewa kwa nini kioo chake kilishindwa. Aliyekuwa akimtafuta siku zote ni mwigaji anayechora jina la mtu. Asteria hakuchora. Jina lile ndilo andiko pekee alilolijua duniani, na aliliandika kama mtu anavyoandika la kwake.

“Na jina lako, mama?” alimuuliza.

“La kwangu silijui. Korosho nasaini kwa dole gumba.”

“Mbona hukumwambia mtu?”

“Mzee alisema nisiseme akiwa hai. Alipokufa hakuna aliyeniuliza.”

Kabla ya kuondoka, Faudhia alimwomba ruhusa ya kusema. Alihofia ataonekana amemdhalilisha marehemu. Asteria alichota choroko kwenye ungo, akaziacha zimwagike kidogo kidogo kutoka kiganjani mwake.

“Yeye ndiye aliyeuonea haya upofu,” alisema. “Mimi niliishi nao miaka ishirini na tano, sikuuonea haya hata siku moja. Sema.”

Nyumbani Mbwawa, Naila, binti wa Faudhia, hakuliona jambo hilo hivyo. Ada za chuo chake zinatoka kwenye kibanda kile.

“Mama, si ukae kimya tu? Nani atajua?”

“Asteria anajua. Na mimi najua. Watu wawili wanatosha.”

Alikiandikia kituo barua ya pili, akiikana ile ya kwanza. Kisha akatoa daftari lake na kuhesabu: katika miaka tisa alikuwa amezithibitisha nakala 23 zenye mkono wa Asteria, za watu kumi na wanne. Alianza kuwafuata mmoja mmoja, akiwarudishia ada yao. Wawili walimcheka. Mmoja, mwalimu mstaafu wa Chalinze, alimkaribisha chakula cha mchana. Amewafikia kumi na watatu. Wa kumi na nne alihamia Songea na namba yake haipatikani, bado anamtafuta.

Kwa Brighton alikwenda mwenyewe, mpaka kazini kwake.

“Mama, mimi karatasi sikuiamini. Nilikuamini wewe,” Brighton alimwambia.

“Ndiyo maana sikupiga simu, mwanangu.”

Brighton aligeuka akaingia ndani. Faudhia alisimama pale mapokezi kwa dakika kadhaa, kisha akarudi Kibaha. Kwa miezi mitano iliyofuata hakuletewa saini hata moja. Alishona madaftari.

Kituo kiliviondoa vijarida saba kwenye orodha ya maonyesho. Lakini wiki mbili kabla ya ufunguzi, ofisa wake mmoja alipiga simu kuuliza kama mjane angekubali virudishwe, chini yake pakiandikwa nani aliyesaini na kwa nini. Asteria alikubali, ila kwenda mjini alikataa. Stellamaris ndiye aliyekwenda, akapiga picha kwa simu akampelekea mama yake.

Miongoni mwa waliofika alikuwamo Brighton. Mwezi mmoja baadaye alitokea kibandani na kijarida kipya alichokinunua, akakiweka mezani bila maneno mengi.

“Nilikuwa nimekasirika sana,” Brighton alimwambia mwandishi wa makala haya kwa simu. “Baadaye nikajiuliza, angenyamaza ningejuaje? Wapo wanaojua saini. Wa kuja kukwambia amekosea, sijampata mwingine.”

Wateja wamerudi, si wote. Faudhia amebadilisha utaratibu: hatoi tena jibu la “ndiyo” au “hapana” pekee. Anaandika alichokiona, na chini yake anaandika asichokijua. Wapo wanaolalamika kwamba sehemu ya pili imekuwa ndefu kuliko ya kwanza.

Mpango wake ni kutengeneza kitabu kimoja chenye mifano ya saini za wachoraji wa zamani wa vijarida, kila moja na historia yake, ashone kwa mkono nakala hamsini na kuzigawa kwenye maktaba za mkoa. Amekwishakusanya wachoraji tisa. Ukurasa wa Leodegar Masumbuko utakuwa na majina mawili.

Kuna jambo jingine analolitilia maanani zaidi. Kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumamosi, anakwenda Chole na daftari la mistari mipana. Anamfundisha Asteria kuandika jina lake.

Haliendi upesi. Mkono uliozoea jina moja kwa zaidi ya miaka thelathini hutaka kurudi kulekule; ukifika kwenye “e” unajiandalia “o”. Wiki iliyopita, kwa mara ya kwanza, herufi zote saba zilikaa kwenye mstari, kila moja ikiwa imesimama mbali na mwenzake.

Malipo ya korosho yanatarajiwa kuanza mwishoni mwa Oktoba. Asteria amekwishatuma ujumbe kwenye chama chake cha msingi.

“Nimemwambia karani mwaka huu asiniletee kile kidau cha wino,” anasema. “Aniachie nafasi ya kutosha kwenye daftari. Jina langu nalianza sasa, sijui litaishia wapi.”