Basi Lisilotaka Kusimama

Enzi za Mwingereza, Methusela wa Kichiwa alikuwa mpishi katika mgahawa wa Mama Odilo, Makambako. Kila asubuhi alingoja kijijini kwake Kichiwa basi kutoka Njombe, nalo lilifika lilipojisikia. Mama Odilo hakutaka kusikia habari za basi. "Wateja wangu hawanywi visingizio," alikuwa akimwambia.

Asubuhi moja alipanda akamkuta Mama Odilo mwenyewe amekaa karibu na dereva, akirudi kutoka harusini Njombe. Walipokaribia Makambako injini ikazimika. Wanaume wakashuka kusukuma, Methusela akiwemo. Basi lilipowaka, wenzake wakalidandia. Methusela akaanguka kifudifudi kwenye matope.

"Simama!" alipiga kelele.

"Nikisimama litazima tena!" dereva akajibu, akatokomea.

Methusela akachomoka mbio, akakatiza mashamba ya mahindi mpaka mgahawani. Alikuwa ameshabandika chai, na imeanza kuchemka, aliposikia honi. Basi lilikuwa likizunguka soko, mbele ya mgahawa, polepole, dereva bado anaogopa kusimama, abiria wanaruka mmoja mmoja na vikapu vyao. Mama Odilo, kwa unene wake, hakuthubutu.

"Methusela! Mwambie huyu asimame!"

"Ameshasema hawezi, mama!"

Methusela akamhurumia. Akamimina chai kikombeni, akakimbia sambamba na basi, akampitishia dirishani. Lilipozunguka tena, mkono wa Mama Odilo ukatokeza na kikombe kitupu.

"Nyingine," alisema. "Na uongeze sukari."

Tangu siku hiyo, Methusela akichelewa, Mama Odilo humuuliza kwanza kama basi lilikubali kusimama.